Saa ya Chuma ya Nesi Kabula

Vijana wangu, juzi nilipita pale stendi ya Bariadi nikawakuta mmezipanga saa zenu ndani ya meza ya vioo. Mmoja wenu alikuwa anamwonyesha mteja picha kwenye simu. Saa hii inavaliwa na msanii fulani, ile inatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, hii nyingine mwakani bei yake itapaa. Mteja alikuwa anatikisa kichwa tu, na mkono wake ulibaki mfukoni muda wote. Saa yenyewe hakuigusa. Mlinisalimia kwa heshima, mkanivutia benchi, nami nikawadanganya kwamba nina haraka. Ukweli ni kwamba nilihisi aibu. Sikuwa nawaonea aibu ninyi. Niliyekuwa namwonea aibu ni mimi mwenyewe wa zamani, maana maneno aliyokuwa anasema yule kijana niliwahi kuyasema mimi, kwenye mji huuhuu, na yakanitokea puani.

Nimetengeneza na kuuza saa zaidi ya miaka thelathini. Sikuacha kazi kwa kupenda, macho ndiyo yaliyonistaafisha. Sasa nikiinamia saa naona ukungu, ila masikio bado yapo, na leo nataka niwaambie habari ya masikio.

Aliyenifundisha ni Fundi Luhende. Yeye alijifunzia Mwanza kwa fundi mmoja wa Kihindi, akarudi kwao na sanduku la bati lenye vibano, lenzi ya jichoni, na kichupa cha mafuta ya saa alichokilinda kuliko pesa. Meza yake ilikuwa kwenye baraza la duka la vitambaa. Nilimwendea nikiwa mtu mzima, nina mke, nimepunguzwa kazi kwenye ghala la pamba la ushirika. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa saa mbovu, akaniambia niiweke kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nifumbe macho, nimweleze ninachosikia. Nikasema nasikia saa. Akasema, "Rudi kesho." Nilirudi siku nne mfululizo. Siku ya tano nilisema nasikia mtu anayetembea huku mguu mmoja unamuuma. Akanisogezea kiti.

Luhende alikuwa na desturi ambayo mji mzima uliicheka. Mtu akija kununua saa, haonyeshwi saa. Kwanza anaulizwa, "Unaipeleka wapi?" Haulizwi anataka ya namna gani wala ana shilingi ngapi, anaulizwa inakwenda wapi. Akisema inakwenda Nkoma kwenye mashamba ya pamba, Luhende anatafuta yenye mgongo wa kukaza, kwa sababu vumbi la pamba ni jepesi na linaingia mahali ambapo hata maji hayaingii. Akisema inakwenda Nassa ziwani, anabadilisha mkanda wa ngozi anaweka wa plastiki. Baada ya hapo anachagua saa tatu, anazilaza mezani, anazifunika kwa kipande cha marekani, na mteja anaingiza mkono chini ya kitambaa. Anazipima uzito, anazungusha kitufe, anaitoa moja ikiwa imefungwa ndani ya ngumi, anaisikiliza. "Chagua kwa mkono," Luhende alikuwa anasema. "Uso utauona baadaye."

Wakulima walielewa upesi kuliko watu wa mjini. Mtu aliyezoea kununua ng'ombe mnadani anajua kuna dume zuri la macho ambalo moyo wake unalikataa, na mara nyingi moyo unakuwa umeona kitu ambacho macho hayajakipata. Wengi walitoa mkono chini ya kitambaa wakiwa wameshika saa ya bei ya chini kabisa na wakaondoka wanacheka. Saa hizo ndizo hazikurudi.

Msidhani kazi ile ilikuwa ya huzuni siku zote. Mzee mmoja wa Nkoma alidumbukiza saa yake kwenye lambo, kisha akaizika kwenye gunia la pamba wiki nzima ili ikauke. Ilikauka kweli. Ila alikuwa ameifungua mgongo kwanza "ipate hewa", na nilipoipokea sikuona mtambo, niliona uvimbe wa pamba tupu. Mwingine alinyunyizia dawa shambani msimu mzima saa ikiwa mkononi, rangi ya dhahabu ikababuka yote, akaja kunishtaki kwamba nimempa saa mbili, moja juu ya nyingine. Kijana wa Nassa aliniletea saa iliyokwama, nikaifungua nikatoa gamba la dagaa. Nilimuuliza lilipitaje. Akasema, "Fundi, hata mimi ningependa kujua."

Sasa kuhusu mafuta, na hapa mnisikilize vizuri kuliko mahali pengine. Saa haipakwi mafuta kama baiskeli. Katikati yake kuna springi nyembamba kama unywele, imejizungusha, na inahema, inafunguka na kujifunga. Hiyo haiguswi na mafuta kamwe. Yanayohitaji mafuta ni matundu yanamozungukia yale magurudumu madogo, na kila tundu linapata tone linalobebwa na ncha ya sindano, tone ambalo ukiliona kwa macho bila lenzi basi limezidi. Ukizidisha, joto la Bariadi linayayeyusha mafuta, yanatambaa mpaka kwenye springi, mizunguko yake inagandana, na springi iliyogandana ni fupi. Springi ikiwa fupi, saa inakimbia. Mbaya zaidi, inakimbia kwa muda tu. Inagandana, inaachia, inagandana tena. Mchana ukiitazama iko sawa, saa kumi jioni imetangulia, na mwenye nayo anadhani ni yeye aliyeirekebisha vibaya.

Haya yote niliyajua. Luhende alinifundisha mwaka wa kwanza. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mkae na hilo, nirudi nyuma kidogo. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, kwa hiyo ni vigumu kuwaeleza ilivyokuwa milango ilipofunguliwa. Sisi tulitoka kwenye foleni za sabuni. Saa ilikuwa kitu cha mwalimu, karani na padri. Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje, mitumba ikaja, redio za kila rangi zikaja, na baada ya misimu kadhaa ushirika ukaacha kuwa mnunuzi peke yake, wakaanza kuingia wanunuzi binafsi wa pamba na magari yao. Wale wanunuzi walikuwa wanavaa saa za rangi ya dhahabu, uso mweusi, jina la Kizungu limeandikwa kwa herufi za kujipinda. Wakinyoosha mkono kwenye mizani jua linapiga pale, na macho ya kijiji kizima yanafuata. Haukupita mwezi, kila mtu Bariadi anataka "saa ya mnunuzi". Hakuna aliyeuliza inatembeaje. Waliuliza, "Ndiyo yenyewe?"

Nami nilizileta. Kuna mfanyabiashara aliyezitoa Kenya kwenye sanduku, nikachukua za wanaume na za kike. Zilikuwa kavu ndani, hazijatiwa mafuta tangu kiwandani, na nyingi zilikuwa na vumbi la safari. Luhende alizishika mbili tatu, akaziweka nyuma ya sikio, akazirudisha mezani. "Zinaongea sana," alisema, na hakusema zaidi. Nilimwona kama mzee aliyepitwa na wakati. Kichwa kilikuwa kimenivimba, mnisamehe.

Siku moja, kabla ya msimu kupamba moto, alikuja nesi kutoka Bukundi. Aliitwa Kabula, mwanamke wa umri wangu, mwembamba, anayesema taratibu. Kule zahanati walikuwa wawili tu, yeye na mganga, na saa ya ukutani ilikuwa imekufa. Luhende alimwita mayu, yaani mama, akamuuliza swali lake.

"Unaipeleka wapi, mayu?"

"Kifuani kwa watoto," Kabula alijibu. "Nahesabu pumzi. Mtoto mwenye homa na kikohozi, namhesabu dakika nzima. Ikizidi kiasi fulani najua mapafu yameshikwa, nampa sindano na kumpeleka hospitali ya wilaya. Isipozidi, anarudi nyumbani na dawa ya kikohozi."

Luhende alizipekua saa zake moja moja. Kisha akaweka saa tatu chini ya kitambaa. Kabula aliingiza mkono, akafumba macho bila kuambiwa, akatoa saa ya chuma, nzito kidogo, ya kuzungushwa kwa mkono. Alipofungua ngumi tuliona uso mweupe, mpana, namba kubwa, na mshale wa sekunde mwekundu. "Hii inanituliza," alisema, halafu akaona haya kwa kusema hivyo. Mshahara ulikuwa haujatoka. Luhende akaandika jina lake kwenye kikaratasi, akaifunga saa ndani yake, akaiweka kwenye droo.

Wiki mbili baadaye Luhende alikwenda Mwanza kutibiwa macho, akakaa huko msimu mzima. Kabula akaja nikiwa peke yangu, meza imezungukwa na wateja wa pamba, saa za dhahabu zinang'aa kila upande. Akaniomba ile yake ya kwenye droo.

Nilicheka. Namkumbuka alivyoshtuka. Nikamwambia, "Dada, nesi mzima na saa ya mchunga punda? Dunia imefunguka sasa." Wateja nao wakacheka. Nikachukua saa ndogo ya kike ya dhahabu, nikamwonyesha jina lililoandikwa usoni, nikamwambia hata mke wa mnunuzi fulani anayo hiyohiyo, na kwa kuwa ni yeye nitampunguzia. Alisema ya kwanza ilimkaa vizuri. Nikamwambia mkono hauna macho. Watu wakacheka tena, naye akaona aibu kubishana mbele ya kundi lile. Akakubali.

Nilimwambia asubiri niitie mafuta. Nilikuwa na haraka. Nilitumia njiti ya kiberiti badala ya sindano, na mafuta ya cherehani badala ya yale ya Luhende, kwa sababu kichupa chake kilikuwa kimefungiwa sandukuni na sikutaka kupoteza muda kutafuta ufunguo. Niliona tone linang'aa bila lenzi. Nikafunga mgongo. Kabla ya kumkabidhi nikaiweka nyuma ya sikio, mazoea tu, na kwa pumzi kama tatu nikaisikia inakimbia. Halafu ikatulia. Vijana, sikilizeni, nilijua. Mwili mzima uliniambia nisiitoe saa ile. Lakini ilikuwa nzuri, watu walikuwa wanatazama, na ilikuwa imetulia. Nikamfunga mkononi mimi mwenyewe.

Baada ya mwezi alinitumia barua kwa dereva wa lori la pamba. Aliandika kwamba siku nyingine jioni anakuta saa imetangulia mbele ya redio, siku nyingine iko sawa, je afanyeje. Nilimjibu kwa mstari mmoja nyuma ya karatasi yake: saa mpya ina ukaidi, airudishe kwa redio kila asubuhi, itazoea. Nikaendelea kuuza.

Mvua zilipoanza alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, meza haina mtu. Aliivua saa akailaza mbele yangu, hakukaa. Alikuwa amekonda. Alinisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, dada. Karibu."

"Nimeletewa mtoto wa miezi minane," alisema. "Mama yake anaitwa Holo, wa familia ya wafugaji, boma lao haliko mbali na zahanati. Anakohoa, ana homa. Nikamhesabu. Arobaini na nne. Kwa umri ule hamsini ndiyo mpaka. Nikamhesabu tena, arobaini na tano. Moyo ulikataa, fundi. Nilikuwa namwona mtoto anavyohema, moyo ukakataa, lakini saa ilisema hivyo. Nikamrudisha na dawa ya kikohozi. Siku ya tatu akafa."

Akaisogeza saa karibu yangu.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Saa hii ina kosa au haina? Kama ina kosa, nitajua. Kama haina, basi mimi sijui kuhesabu, na mtu asiyejua kuhesabu hapaswi kushika watoto wa watu. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Niambie ukweli tu."

Nikamwambia arudi adhuhuri. Alipoondoka nikafungua mgongo, na niliona kabla hata ya kuweka lenzi. Springi ilikuwa imelowa. Mizunguko miwili imegandana, ikaachia nikiwa natazama, ikagandana tena. Mafuta ya cherehani, mafuta yangu.

Nataka niseme hili waziwazi, kwa kuwa nimezeeka na sina wa kumwogopa. Sikufikiri habari za mtoto. Nilifikiri jina langu. Nilifikiri meza, na wateja, na Luhende atakaporudi. Nikamimina petroli kwenye kisahani, nikaosha springi mpaka ikawa safi, nikaikausha, nikatia tone moja moja kwa sindano kama nilivyofundishwa. Kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Kabula aliporudi niliiweka mbele yake ikitembea vizuri kabisa.

"Nzima," nilisema. "Haina kosa."

Kabula aliichukua. Akaivaa. Akasema, "Wabeja, fundi," yaani ahsante, akaondoka. Nimetukanwa sana katika kazi hii, hata kofi nimewahi kula, na hakuna kilichoniuma kama ile wabeja.

Luhende alirudi Jumamosi, jicho moja limefungwa bandeji. Alifungua droo kutafuta kibano, akakuta kile kikaratasi chenye jina la Kabula kwa mwandiko wake mwenyewe, na saa ndani.

"Mwenyewe hajaja?"

"Alikuja. Alichukua nyingine."

Alikaa. Akaizungusha kitufe ile saa ya chuma, akaiweka sikioni, akaisikiliza muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ileile aliyowauliza wateja maisha yake yote, "Na hiyo nyingine, ameipeleka wapi?"

Nilivunjika. Nilimweleza kila kitu, kicheko, njiti ya kiberiti, barua, petroli. Nilitarajia anifukuze. Hakunifukuza wala hakunigombeza. Alichukua kitambaa chake cha marekani, akaifunga saa ya chuma ndani yake, akanisogezea.

"Lori la Bukundi linatoka kesho asubuhi," alisema.

Nilifika zahanati jua likiwa limepanda. Kina mama walikuwa kwenye benchi na watoto wao, na Kabula alikuwa ndani anapanga makabati, kila dawa na karatasi yake, kama mtu anayekabidhi ofisi. Nilimwomba tuzungumze. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitatafuta maneno mazuri. Nikamwambia saa ilikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, nililisikia siku ileile kabla sijamfunga mkononi, na alipoileta nililifuta halafu nikamdanganya. Hesabu yake ilikuwa sawa. Dakika yake ndiyo iliyokuwa fupi.

Aliegemea kabati. Machozi yalimtoka bila sauti. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Mtoto yule angeweza kufa hata hivyo," alisema mwishowe. "Hilo sitalijua, na wewe hutalijua. Lakini mama yake anaamini alichelewa kumleta. Kila siku anasema angekuja jana yake. Twende."

Tulikwenda kwa miguu. Boma lao lilikuwa limezungushiwa minyaa, ng'ombe wameshakwenda malishoni. Holo alikuwa msichana tu, amekaa mbele ya nyumba anapepeta mtama. Kabula alimsalimia kwa Kisukuma, akamwambia huyu ni fundi wa saa kutoka Bariadi, ana neno. Nikalisema tena, safari hii kwa Kisukuma, na kwa lugha ya nyumbani halikuwa na mahali pa kujificha.

Holo hakulia. Aliomba kuiona saa. Kabula akaivua akampa. Aliigeuza, akaiweka sikioni kama mtu yeyote anavyofanya, akasikiliza.

"Inalia vizuri," alisema.

"Nimeitengeneza, mayu."

Alinitazama. "Umeitengeneza mtoto ameshakwenda."

Akaniwekea saa mkononi, akarudi kwenye ungo wake. Saa ile ninayo mpaka leo. Haijavaliwa tena, na wakusanyaji wenu wa Ulaya wakija waambieni haiuzwi.

Mtaniuliza mambo mengine yaliishaje. Barua ya kuacha kazi Kabula aliichana, na alihudumia Bukundi mpaka akastaafu kabla yangu. Kila mwaka mvua zikikaribia alikuwa analeta saa ya chuma isafishwe. Hakukaa hata mara moja. Alisimama mbele ya meza mpaka nimalize, macho yake kwenye sindano yangu, na nilipofika kwenye mafuta alikuwa anainama kuangalia ukubwa wa tone. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza. Luhende alifariki akiwa haoni kabisa, na bado alikuwa anawachagulia watu saa. Mimi nilirudisha kitambaa mezani. Wateja wa saa ya mnunuzi wakahamia kwa wengine, nami nikala ugali wangu mdogo.

Kwa hiyo mtu akija pale stendi, iacheni simu mfukoni. Muulizeni anaipeleka wapi. Mpeni aishike bila kuona jina. Na ninyi wenyewe iwekeni nyuma ya sikio kabla haijaondoka, na moyo ukikataa, msiitoe, hata kama mtaa mzima unatazama.

Nimalizie na siku ile ya Bukundi, maana kuna kipande nimekiruka. Tulirudi kutoka kwa Holo. Pale zahanati nilitoa kitambaa mfukoni nikakiweka mezani kikiwa kimefungwa. Kabula aliingiza mkono ndani ya mikunjo yake, akafumba macho kama siku ya kwanza, akaishika saa ya chuma, akaisikiliza. Kisha akaivaa. Nikaaga. Honi ya lori nilikuwa naisikia kwa mbali, na gari lingine halikuwepo mpaka keshokutwa. Nilipogeuka kutoka nilivuta mlango wa kabati badala ya mlango wa nje.

"Njoo hapa," Kabula alisema.

Alinishika kifundo cha mkono, akaweka vidole viwili kwenye mshipa, akainamia ule mshale mwekundu. Alinihesabu dakika nzima. Kina mama kwenye benchi walichungulia mlangoni. Dakika ile ilikuwa ndefu, na ilikuwa kamili.

"Inakimbia," alisema. "Kaa mpaka itulie."

Nikakaa. Lori lilikuja, likapiga honi mara mbili, likaondoka bila mimi.